Siku ya Pili ya Mgosi Mdogo

Serikali ilipouza shamba la chai, kilichomuuma Nikodemo zaidi ya mshahara kilikuwa mizani. Alikuwa amesimama kando ya mizani ile tangu ujana wake, akipima majani ya wachumaji, na hakuna mchumaji aliyewahi kusema kwamba Nikodemo amempunja. Sasa wenye shamba wapya walikuja na mizani nyingine, isiyo na mshale wala mawe, iliyofungwa waya kwenye kompyuta. Tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa ghala: waliopunguzwa wanaruhusiwa kuomba kazi tena, lakini karani wa mizani lazima ajue kompyuta. Usaili utafanyika baada ya Pasaka.

Nikodemo alilisoma tangazo lote, akavua kofia, akasali palepale mbele ya watu. Kisha akapanda kilima kwenda kumwambia mkewe, Dorothea, ambaye alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Naenda shule," alisema.

"Shule gani, baba Jenipher?"

"Ya jioni. Pale nyuma ya kanisa. Naenda kujifunza kompyuta."

Dorothea alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Wewe ambaye redio ikikwaruza unaipiga kofi?"

"Kompyuta sitaipiga. Nimeshaliombea hilo."

Masomo ya jioni yalikuwa kwenye chumba kimoja ambacho zamani kilihifadhi viti vya harusi. Marafiki wa usharika kutoka Ujerumani walikuwa wameleta kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, na usharika ukamtafuta kijana wa Bumbuli, Alen, aliyesomea mambo hayo Moshi, awe mwalimu. Jumatatu alifundisha Kiingereza. Jumatano na Ijumaa alifundisha kompyuta. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye mikono ya jembe, na jioni ya kwanza aligundua kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kukiongoza kile kidude kinachoitwa kipanya bila kukikandamiza kama anayeua kitu. Kwa hiyo akaahirisha majedwali na barua. Akawafungulia mchezo.

Ulikuwa mchezo pekee uliokuwemo ndani ya mashine zile. Mtu mdogo, mdogo kuliko punje ya mtama, ameamka chini ya jani. Hajulikani amefikaje hapo. Majani ya nyasi yamesimama juu yake kama mivule, na yeye hana kitu ila mikono yake. Anatakiwa anywe umande kabla jua halijaukausha, aokote chembe za chakula, ajifunike jani jioni, na awakwepe siafu, chura na buibui. Chini ya kioo kuna mistari miwili, mmoja wa maji na mmoja wa nguvu. Mstari wowote ukiisha, mtu amekufa, na unaanza tena chini ya jani lilelile.

"Mnacheza," Alen aliwaambia, "lakini mkono unajifunza."

Nikodemo alikuwa mzee wa kanisa, na ilikuwa Kwaresima. Alilipima neno hilo la kucheza. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mimi nitaliita zoezi."

"Sawa, mzee. Liite zoezi."

Yule mtu mdogo hakuwa na jina, na Nikodemo aliona si vizuri kumtuma kiumbe kutwa bila kumwita. Akamwita Mgosi Mdogo, kwa maana kwetu mwanamume wa kuheshimiwa ni mgosi, hata akiwa wa kukaa juu ya ukucha.

Aliyekaa mashine ya pili alikuwa Halima, mchumaji wa chai, Mnyamwezi aliyezaliwa Tabora na kuletwa mashambani na baba yake. Naye alikuwa anaitaka kazi ya mizani, na hakulificha jambo hilo. Kwa umri Nikodemo alikuwa kaka yake mkubwa, lakini kwa desturi ya mashambani walikwisha kuwa watani, na mtani hana adabu ila ya salamu.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, Halima."

"Mgosi wako anakufa na kiu huku umekaa unafuta miwani."

Ilikuwa kweli. Nikodemo alianza tena chini ya jani. Safari hiyo alimwongoza Mgosi Mdogo mpaka kwenye tone la umande, akamnywesha, kisha akampeleka kwenye chembe ya uyoga. Kabla ya kubonyeza ale, alitoa mkono kwenye kipanya, akainamisha kichwa, akafumba macho. Hakuwahi kuanza chakula bila shukrani, na hakuona kwa nini aanze leo kwa sababu tu mlaji ni mdogo. Aliposema amina na kufumbua macho, kulikuwa na buibui, na uyoga, na hakuna Mgosi.

Halima alicheka mpaka akashika meza. "Sala fupi, mtani! Huko chini buibui hangoji amina!"

"Heri yeye aliyekufa akiombewa," alisema Nikodemo, akaanza tena.

Kwa hiyo mkono ulijifunza. Baada ya majuma kadhaa Nikodemo alikipeleka kipanya bila kukikaba, akajua kibodi, akajua kufungua na kufunga. Alen alipowafundisha kuandika tarakimu kwenye jedwali, Nikodemo ndiye aliyekosea mara chache kuliko wote, kwa sababu tarakimu za uzito alikuwa amelala nazo maisha yake yote. Majedwali yalikuwa ya mazoezi, yakifutwa na mwalimu mwenyewe kila mwisho wa kipindi. Mchezo ndio walioufunga wenyewe. Na hapo kwenye kufunga ndipo palipokuwa na tatizo.

Kila ulipotaka kuufunga mchezo, kisanduku kilitokea katikati ya kioo, kina neno moja la Kiingereza na alama ya kuuliza: SAVE? Chini yake vibonye viwili, ndiyo na hapana.

Na Jumatatu, kwenye kipindi cha Kiingereza, Alen huyohuyo alikuwa ameandika neno hilo ubaoni. Save: kuokoa. Mtu amemwokoa mtoto mtoni. Nikodemo alilinakili kwa mwandiko mzuri.

Sasa ili mtu aelewe kilichompata, lazima ajue jambo lililotokea mwaka mmoja kabla, kwenye mazishi huko Soni. Wakati ule uamsho ulikuwa umeingia milimani kwa nguvu. Vijana walikuwa wanakesha, wanaimba, na wanauliza watu wazima swali moja. Kijana mmoja alimsimamisha Nikodemo mbele ya waombolezaji, kaburi halijafukiwa vizuri, akamuuliza, "Mzee, wewe umeokoka? Lini? Taja siku na saa."

Nikodemo, aliyebatizwa akiwa mchanga na kupata kipaimara kwa heshima, alimjibu bila kupandisha sauti: "Ijumaa Kuu. Saa tisa alasiri. Pale msalabani. Wewe ulikuwa wapi?"

Watu walicheka mazishini. Jibu lile lilitembea mpaka Lushoto na kurudi. Na mtu akishatoa jibu la namna hiyo hadharani, hawezi tena kubadilika. Amekuwa mtumwa wa jibu lake. Tangu siku hiyo Nikodemo aliahidi moyoni kwamba hatamjibu mwingine swali lile, awe kijana, awe askofu.

Kwa hiyo kisanduku kilipotokea mara ya kwanza, alikitazama kwa muda mrefu. Aokolewe? Ndiyo au hapana?

"Hata mashine hii," alisema taratibu. Akabonyeza hapana.

Mchezo ukafungwa. Ijumaa alipofungua, Mgosi Mdogo alikuwa chini ya jani la kwanza, hajui kitu, hajanywa kitu, kana kwamba hakuwahi kuishi. Nikodemo hakushangaa. Mtu huamka kila siku akiwa hana kitu. Ndiyo maana tunaomba mkate wa leo na si wa kesho.

Halima alishangaa kwa niaba yake. "Mtani, mbona uko palepale? Wangu ameshavuka kijito, ana nyumba ya gamba la konokono!"

"Wako ni wako."

"Kikikuuliza, bonyeza ndiyo. Utampoteza bure mtu wako."

"Mtu wangu yuko mikononi mwa Mungu."

"Na wangu yuko kwenye mashine, na ndiyo maana ananenepa!"

Alen alisikia. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na kijana aliyelelewa vizuri hamsahihishi mzee mbele za watu, seuze mbele ya mwanamke anayemcheka. Alisubiri wenzao watoke, akamwendea Nikodemo akiwa ameinama kidogo, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee. Nilitaka kusema, kile kisanduku cha mwisho... ni vizuri ukakubali."

Nikodemo alivaa kofia yake. "Mwalimu, nakuheshimu. Nifundishe vyote. Lakini wokovu usinifundishe."

Alen alidhani mzee anafanya mzaha ambao yeye hajauelewa, au labda anaona ni dhambi kuuhifadhi mchezo katika Kwaresima. Akasema, "Samahani, mzee," na hakulirudia tena neno hilo. Heshima ilikuwa imekamilika pande zote mbili.

Hivyo Kwaresima yote Nikodemo akawa bingwa wa siku ya kwanza. Hapakuwa na mtu chumbani mle aliyeijua kama yeye. Alijua tone gani la umande hukauka mapema, siafu hutokea upande gani, buibui hukaa wapi. Halima alikuwa amefika kwenye mizizi ya mti mkubwa na ameona vitu ambavyo wengine walivisikia tu: kinyonga mkubwa kama nyumba, mvua inayoanguka kama mapipa. Nikodemo hakuwahi kuuona usiku wa Mgosi Mdogo ukipambazuka. Na kila jioni alipofika nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda, Dorothea akiwa upande wa pili, akaomba maneno yaleyale: "Bwana, itunze kazi ya mikono yangu. Usiiache ipotee."

Pasaka ikapita. Siku ya usaili Nikodemo alivaa suti ya mazishi, Dorothea akamfuta tope kwenye viatu kwa jani la mgomba, wakaomba, akashuka.

Ofisini alipokewa na Loyce, msimamizi aliyeletwa na wenye shamba wapya, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Waombaji walikuwa wanaingia mmojammoja. Halima alikuwa kwenye benchi nje, amejifunga kitenge kipya.

"Mungu akusaidie, mtani," alisema, na safari hiyo hakutania.

Loyce alimpa Nikodemo karatasi yenye majina ya wachumaji na uzito wa majani ya siku moja. Ayaingize kwenye jedwali, ajumlishe, kisha afunge. Akitoka, Loyce atafungua aangalie. Kila mtu mara moja, maana kompyuta ni hiyo moja.

Nikodemo aliandika. Hakuharakisha. Alipopandisha macho aliona jedwali limekaa kama shamba lililopaliliwa, na jumla chini yake, nayo alikuwa ameshaipata kichwani kabla ya mashine. Moyo ukamtulia. Aliiona mizani. Alijiona amesimama kando yake, foleni ya wachumaji na vikapu vyao ikipanda mpaka barabarani. Akapeleka kipanya kwenye kona, akafunga.

Kisanduku kikatokea.

Hakuwa amekitarajia. Alidhani swali lile ni la mchezo, kwamba labda Wajerumani walioutengeneza walikuwa watu wa uamsho. Kumbe liko na ofisini. Liko kwenye kazi yenyewe. Jasho likamtoka chini ya suti. Alitazama dirishani, akatazama kioo. Ndiyo, na apate mizani kwa kuungama jambo aliloapa kutoliungama mbele ya mtu. Au hapana, na abaki na Ijumaa Kuu yake. Sasa alifahamu kwamba jedwali halikuwa mtihani. Mtihani ndio huu.

Alifumba macho, akaomba nguvu. Akapewa. Akabonyeza hapana, akasimama, akatoka nje akiwa na amani ambayo hakuwa nayo tangu shamba liuzwe.

Loyce alimwita kabla hajafika kwenye ngazi.

"Mzee wangu, umeandika wapi?"

"Humohumo."

"Hamna kitu."

"Kilikuwepo, mama. Nimejumlisha mpaka chini. Ila mwishoni imeniuliza kama nataka kuokolewa, na hilo nikalikataa. Kama ni sharti la kazi, basi."

Loyce aliweka kalamu chini. Yeye mwenyewe alikuwa ameokoka, tena kwa siku na saa, chuoni Moshi, na kwa kawaida angefurahi kupata nafasi ya kushuhudia. Lakini alimwona yule mzee katika suti yake, akaelewa, na furaha hiyo ikamkimbia.

"Mzee," alisema taratibu, "haikuuliza habari zako. Iliuliza habari za kazi yako. Ilisema: kazi uliyoifanya, niitunze?"

Nikodemo alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Niitunze," alirudia.

"Ndiyo. Isipotee."

Nje, Halima alikuwa anakohoa kwa wasiwasi.

"Nami nikasema hapana," alisema Nikodemo.

"Ukasema hapana."

"Kila jioni," alisema, lakini hakuwa anamwambia Loyce. "Kwaresima yote. Naomba nyumbani, 'itunze,' na nimetoka kuulizwa huku, 'niitunze?' nikasema hapana." Alishika kofia kwa mikono miwili. "Mama, niruhusu niandike tena. Sitachelewa."

"Nimewaambia wote mara moja, mzee. Nikikuruhusu wewe, nitawaambia nini walioko nje?"

Ni jibu ambalo Nikodemo mwenyewe angelitoa kwenye mizani, na alikuwa amelitoa mara nyingi. Loyce aliitazama karatasi yake ya nafasi za kazi.

"Unajua kazi gani nyingine?"

Nikodemo alifikiri kwa uaminifu. "Kwa sasa," alisema, "ninachokijua vizuri kuliko watu wote ni kuanza upya."

Loyce alidhani ni utani, akatabasamu. Kisha akaona si utani, akaandika jina lake upande wa kitalu cha miche.

Halima aliingia, akaandika polepole kuliko Nikodemo, akakosea mahali pawili, na mwishoni alipoulizwa akabonyeza ndiyo bila hata kusoma. Kazi yake ikakutwa. Mizani ikawa yake.

Jioni Dorothea alisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Na ile kompyuta," aliuliza, "uliipiga?"

"Niipige kwa nini?"

"Si ndicho ulichoombea? Ulisema umeliombea hilo. Basi hukuipiga. Bwana amejibu."

Nikodemo alimtazama kama anakasirika. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, na wote wawili wakacheka kibarazani mpaka maharage yakamwagika.

Kitaluni miche ya chai hupandwa kwenye vifuko vidogo, safu baada ya safu, chini ya kivuli cha majani makavu. Anayeihudumia hupiga magoti kutwa. Wiki ya kwanza Nikodemo aliona uchungu kila aliposikia sauti ya Halima ikitaja uzito kule juu; alisikiliza kama atakosea, na hakukosea. Lakini siku moja asubuhi, akiwa ameinama usawa wa majani, aliona umande unakauka kuanzia upande wa mashariki, kama alivyojua utakauka. Aliona siafu wanatoka walikotarajiwa. Kwenye pembe ya safu buibui alikuwa amekaa mahali pake hasa. Nikodemo aliusogeza mkono mbali, kwa mazoea, akangoja siafu wapite. Mche mmoja ulikuwa umekufa. Akaung'oa, akaweka mwingine.

"Mgosi!" Halima alipaza sauti kutoka kwenye mizani, mbele ya wachumaji wote. "Shikamoo! Umeokoka?"

Foleni yote iligeuka kusikiliza, maana jibu la Ijumaa Kuu lilikuwa linajulikana.

"Marahaba!" alijibu Nikodemo akiwa magotini. "Niulize Ijumaa!"

Jumatano hiyo alirudi darasani. Alen alipomwona alisimama, uso umemshuka, alikuwa amesikia.

"Mzee, nisamehe. Nilitakiwa kukueleza."

"Ulitaka kunieleza, nikakwambia usinifundishe wokovu. Ukatii. Kosa lako ni kulelewa vizuri." Akakaa mbele ya mashine yake. Alimnywesha Mgosi Mdogo, akamlisha, akamfunika jani. Alipofunga, kisanduku kikatokea. Alikitazama kwa heshima, kama mtu anayesalimiana na jirani ambaye yeye mwenyewe alimsingizia kwa muda mrefu. Akabonyeza ndiyo.

Ijumaa Halima alikuja kusimama nyuma yake, ingawa hakuwa na haja ya masomo tena. Mashine ilichukua muda wake. Kisha palikucha. Mgosi Mdogo alijinyoosha chini ya jani lake, mistari yote miwili ikiwa pale alipoiacha, na kando yake uyoga ambao hakuumaliza. Ilikuwa siku ya pili. Hakuna kilichopotea. Kila kitu kilikuwa kimetunzwa.

"Mtani," alisema Halima taratibu, akinyoosha kidole kwenye kona ya kioo, "hata buibui naye ameokoka."

Nikodemo alimwona. Alikuwa amekaa palepale, na mguu mmoja alikuwa ameshauinua. Nikodemo akashukuru kwa ajili ya uyoga, safari hii macho wazi na mkono juu ya kipanya, akasema amina, akamkimbiza Mgosi Mdogo.